Maumivu ya kiuno na kazi za kubeba mizigo: maswali tunayoulizwa sana Mwanza

Ukurasa huu ni wa wachukuzi wa mwaloni wa Kirumba, vijana wa maghala ya Igogo, saidia fundi, wauguzi, mama lishe na yeyote anayepata riziki kwa kuinua kitu kizito. Ni wa matajiri na wasimamizi wao pia, na kusema kweli majibu mengi yanawagusa wao zaidi. Maswali hayakupangwa kwa uzito. Kama una ganzi sehemu za siri, mguu umelegea au mkojo umegoma, acha mengine yote uende kwenye swali la lini ukimbilie hospitali.

Kukunja magoti badala ya kuinamisha mgongo, si ndiyo siri yenyewe?

Ingekuwa hivyo, tungebandika bango moja na kwenda zetu nyumbani. Kukunja magoti kunasaidia pale mzigo unapokuwa mdogo kiasi cha kupita katikati ya magoti: ndoo, kreti ya soda, boksi la samaki. Gunia la dagaa wakavu haliingii hapo. Ukichuchumaa mbele yake, magoti yenyewe ndiyo yanayolisukuma mbali na tumbo lako, na umbali huo una gharama kubwa, kama tutakavyoona. Tafiti zilizochunguza mafunzo ya kuinua mizigo zimewahi kukusanywa na kupimwa kwa pamoja, na hazikuonyesha kwamba kumfundisha mtu tu, bila kugusa kazi yenyewe, kunampunguzia maumivu ya mgongo. Haishangazi. Anayeshusha Fuso zima la mchele analikumbuka somo kwenye magunia ya mwanzo. Akifika katikati, mapaja yamechoka na mwili unajitafutia njia yake.

Ndiyo maana sisi hatuanzi kwa kuuliza uliinamaje. Tunauliza kwa nini mzigo ulikuwa chini. Nani aliuweka sakafuni, na je, hakukuwa na chaga au benchi la kuuweka juu yake? Kwa nini gari liliegeshwa barabarani wakati lingeweza kurudi kinyumenyume hadi mlango wa ghala? Nani aliamua gunia liwe kubwa vile? Migongo mingi ya mji huu inaumizwa na maamuzi yaliyofanyika kabla mchukuzi hajatia mkono.

Sawa, lakini mzigo uko chini, tajiri hayupo na msaidizi hakuna. Niinueje?

Upime kwanza. Usukume kwa mguu au inua kona moja. Mzigo uliojaa maji au uliopakiwa upande mmoja utajulikana hapohapo. Tazama njia na mahali utakapoutua. Simama karibu nao kabisa, miguu imeachana upana wa mabega, mmoja mbele kidogo. Shika kwa kiganja chote. Vuta mzigo hadi ugusane na mwili, ndipo uinuke, taratibu, bila kuushtua. Ukitaka kugeuka, geuka kwa nyayo. Kiuno kisizunguke peke yake huku miguu imesimama. Kutua ni safari hiyohiyo ikirudi nyuma, na hapo ndipo wengi hujiumiza kwa sababu akili imeshahesabu kwamba kazi imekwisha.

Jambo moja la Kirumba: vijana wengi hushika boksi la samaki mbali na kifua kwa kuogopa shombo na maji kwenye shati. Aproni ya plastiki inamaliza tatizo hilo kwa bei ndogo, na kwa kazi ya samaki tungeinunua kabla ya kifaa kingine chochote.

Dumu la lita 20 si mzigo. Mbona ndilo lililonishika kiuno?

Kwa sababu ya umbali. Misuli inayouinua mgongo iko sentimita tano hivi tu nyuma ya mhimili ambao mgongo unajipindia. Ukishika dumu la lita 20, yaani kilo 20 za maji, sentimita 50 mbele ya mhimili huo, misuli hiyo inalazimika kuvuta kwa nguvu ya mara kumi, kama kilo 200. Hapo bado hatujahesabu uzito wa kiwiliwili chako mwenyewe kilichoinama. Nguvu yote hiyo inazikandamiza pingili za chini, hasa pale pingili mbili za mwisho za kiuno zinapokutana, na pale ya mwisho inapokaa juu ya mfupa wa nyonga. Maumivu mengi hukaa hapohapo, usawa wa mkanda wa suruali.

Katikati ya pingili na pingili kuna diski, laini ndani na yenye ukuta mgumu wa nyuzinyuzi nje. Kuinama, kugeuka na kubeba, vikifanyika kwa pamoja na kurudiwa kwa miaka, huutia ukuta huo nyufa ndogondogo. Siku moja ute wa ndani unasukumwa nje na kugusa mshipa wa fahamu, na maumivu yanateremka tako hadi mguuni. Dumu la siku hiyo linabeba lawama ya magunia mengi yaliyotangulia.

Kilo ngapi ndizo salama?

Hakuna namba moja inayomfaa kila mtu, lakini kuna vipimo vinavyotumika duniani. NIOSH, taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, inaanzia kilo 23, na hiyo ni pale kila kitu kimekaa sawa: mzigo uko karibu na mwili, usawa wa nyonga, una mahali pazuri pa kushika, hauinuliwi mfululizo na hakuna kugeuka. Mikono ikisogea mbele kutoka sentimita 25 hadi 50, kikomo kinashuka nusu, kilo 11 na nusu.

Uingereza, mwongozo wa mamlaka yao ya usalama, HSE, unataja kilo 25 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke kwa mzigo ulioshikwa karibu, usawa wa kiuno. Mzigo uleule ukiwa chini kwenye vifundo vya miguu, inakuwa kilo 10 na kilo 7. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazostahili kubandikwa ukutani ghalani, kwa sababu zinaonyesha kuwa kuuinua mzigo kutoka sakafuni kunakunyima zaidi ya nusu ya uwezo wako kabla hujaanza kazi.

Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Na. 128 la mwaka 1967, lilisema pale mwanamume mmoja anaporuhusiwa kubeba zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kushusha uzito hadi hapo. Kilo 55 ni ukingo; ukiivuka hakuna wa kukutetea. Sasa tembea kwenye ghala lolote la hapa: mfuko wa saruji kilo 50, gunia la mpunga kilo 100.

Gunia la kilo 100 limebebwa tangu enzi za babu zetu. Mbona wao hawakulalamika?

Walioumia waliacha kazi wakarudi vijijini, ukabaki kuwaona walionusurika. Hata leo ukienda bandarini utakuta mzee mmoja wa miaka sitini anabeba kama kijana, na kila mtu atamtolea mfano. Hakuna anayewahesabu wenzake alioanza nao.

Kuhusu sheria, Wakala wa Vipimo hupambana na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, na kikomo cha gunia la mazao ni kilo 100. Kikomo hicho kinamlinda mkulima asipunjwe, na ni jambo jema, ila hakikuwekwa kwa kuupima mgongo wa mchukuzi. Kuheshimu kilo 100 ni hatua, lakini bado ni karibu mara mbili ya zile 55. Suluhisho ni mfuko wa kilo 50 unaobebwa na wawili, au wa 25 unaobebwa na mmoja. Mifuko ya sembe ya kilo 25 na 50 imejaa sokoni. Teknolojia ya kushona mfuko mdogo tunayo.

Tajiri anasema akigawa gunia atalipa mara mbili. Tumjibuje?

Mwambieni mlipane kwa tani. Hili ndilo shauri ambalo tungependa lisikilizwe kuliko mengine yote humu. Malipo ya kwa gunia yanamfanya mwenye mali apende gunia kubwa na yanamfanya mchukuzi akimbie, abebe mawili kwa mkupuo, akatae kupumzika na akatae msaidizi kwa sababu msaidizi ni kugawana hela. Hapo hata ukifundisha magoti mwaka mzima, hesabu ya mfukoni itashinda. Mkikubaliana bei ya tani moja kutoka garini hadi ndani, ukubwa wa mfuko hauongezi wala haupunguzi gharama ya tajiri. Mwenye ghala anapata zaidi: mifuko midogo haipasuki ovyo na inapangika kwa urefu mmoja.

Makundi ya wachukuzi yenye kiongozi yanaweza kulijadili hili kama kundi. Mmoja mmoja mtaambiwa wengine wapo getini wanasubiri.

Mkanda wa kiunoni unasaidia?

Kwa mtu mzima asiyeumwa, hapana, hakuna ushahidi wa kutosha. NIOSH walilitazama suala hili mwaka 1994 wakasema hawawezi kuupendekeza kwa wafanyakazi ambao hawajaumia. Hatari yake ni kwamba ukiuvaa unajiona imara na kuongeza mzigo. Kama una hela ya kununulia mikanda kumi, nunua toroli. Kama daktari au mtaalamu wa fiziotherapia amekupa mkanda kwa muda baada ya kuumia, hiyo ni habari nyingine, mfuate yeye.

Kichwani, begani au mgongoni: wapi ni afadhali?

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya kwa wanawake wa Kijaluo, majirani zetu wa ziwa hili, na wa Kikuyu. Ilionekana wanaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila mwili kutumia nguvu za ziada katika kutembea. Wajaluo walibeba kichwani, Wakikuyu mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Utafiti huo hupenda kunukuliwa nusu. Kwa mama wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12, zaidi kidogo ya nusu dumu. Tena ulipima nguvu zinazotumika, haukupima shingo, na tafiti za baadaye kwingineko Afrika zimekuta wanaobeba kichwani wana maumivu ya shingo.

Ushauri wetu wa vitendo: kichwani ni sawa kwa mzigo mwepesi uliotulia, na ngata nzuri chini yake, kwenye njia isiyoteleza. Begani ni sawa kwa mfuko mmoja, ukibadilisha bega. Kwa vyovyote vile, hatari kubwa haiko wakati wa kutembea na mzigo. Iko wakati wa kuupandisha na kuushusha. Mbebaji atwikwe na watu wawili, mmoja kila upande. Ukimkuta mama anajitwisha peke yake kwa kurusha ndoo kutoka magotini, msaidie kwanza, salamu baadaye.

Sisi tunapakua mitumbwi alfajiri. Kuna la kutuhusu peke yetu?

Yapo mengi, na la kwanza ni hiyo alfajiri. Usiku ukiwa umelala, diski hunyonya maji na kuvimba kidogo. Ndiyo maana mtu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni. Diski iliyojaa inabanwa zaidi ukiinama sana, na hali hiyo hupungua ndani ya saa ya kwanza hivi baada ya kuamka. Aliyetoka kitandani Kitangiri saa kumi na kuanza kuinama saa kumi na robo anafanya kazi katika saa mbaya kuliko zote. Tembea hadi mwaloni kama ni karibu. Anza na mizigo midogo, au na kazi ya kusimama wima kama kufungua turubai na kupanga maboksi matupu.

La pili ni ubao wa kupandia. Ubao mmoja mwembamba, uliolowa, unaocheza, na mtu juu yake ana kilo 60 begani: hapo mgongo hauumizwi na kuinua bali na kujishika ghafla mguu unapoteleza. Tumieni mbao mbili zilizofungwa pamoja, pigilieni vipande vya mbao vya kukanyagia kila hatua, na ubao ufungwe kwenye mtumbwi usiteleze. Kandambili ziacheni nyumbani. Buti za mpira zenye meno zinashika vizuri, na zikiwa ndefu zinakupunguzia kukanyaga maji ya ziwa yenye kichocho.

La tatu, maji na barafu vina uzito. Mwaga maji yaliyoyeyuka kabla ya kuinua boksi. Boksi lijazwe sangara na barafu hadi robo tatu. Nyavu zilizolowa ziachwe zichuruzike kwanza, ndipo zipakiwe.

Mkiwa wengi, mpokezane kwa mstari, kila mtu amtazame anayempa kisha ageuke kwa miguu kumtazama anayempokea. Wakisimama wamekakamaa na kuzungusha viuno tu, mstari mzima utarudi nyumbani unaugulia upande mmoja.

Wawili tukibeba pamoja, uwezo si unakuwa mara mbili?

Hapana. HSE wanakadiria kwamba wawili wanafikia kama theluthi mbili ya jumla ya nguvu zao, na watatu nusu tu. Mwingine anawahi, mwingine anachelewa, mmoja haoni anakokanyaga. Wanaolingana kimo wabebe pamoja, na msemaji awe mmoja tu: yeye ndiye anayesema tayari, inua, simama, tua. Anayejua ngoma ya bugobogobo ya Wasukuma ameshaona majembe mengi yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Mzigo wa watu wanne unataka nidhamu ileile, bila kulirusha jembe hewani.

Mimi ni dereva wa Fuso, sibebi sana. Mbona kiuno kinaniua?

Mtikisiko wa gari zito kwa saa nyingi ni chanzo kinachojulikana cha maumivu ya kiuno, na kiti kilichokufa springi kinazidisha. Kosa la kawaida ni kufika, kuruka chini na kuanza kusaidia kushusha hapohapo. Tembea dakika kadhaa kwanza. Na shuka kwa ngazi za gari, usiruke.

Kwenye ujenzi je?

Saruji ya kilo 50 ishushwe karibu na mahali itakapotumika, juu ya chaga au tofali, si kwenye matope upande wa pili wa kiwanja. Zege libebwe kwenye karai au ndoo isiyojazwa pomoni, na mnyororo wa kupokezana ni bora kuliko mtu mmoja kupanda ngazi na ndoo mbili. Koleo la mpini mrefu linampunguzia saidia fundi kuinama. Kwa viwanja vya milimani, na Mwanza hii ya mawe viwanja vya milimani havihesabiki, gharama ya kupandisha mchanga ipangwe tangu mwanzo kwa safari nyingi za mizigo midogo. Vijana wakiambiwa "maliza leo" ndipo viroba vinapoanza kubebwa viwili viwili.

Nauguza wodini. Mgonjwa si gunia, simwachi aanguke. Nifanyeje?

Wauguzi ni miongoni mwa wanaoumia mgongo zaidi duniani, na hawaingii akilini watu wanapotaja kazi nzito. Mgonjwa wa kilo 70 hana mishikio, hakai karibu na mwili wako na anaweza kulegea ghafla. Hesabu za kilo 23 tulizotaja hazimhusu kabisa.

Pandisha kitanda kama kina uwezo huo. Kama hakina, weka goti moja juu ya kitanda ili usijinyooshe. Tumia shuka la kuvutia lililokunjwa chini ya mgonjwa, watu wawili kila upande, mkimburuta badala ya kumnyanyua. Kumhamisha kutoka kitanda hadi machela, ubao laini au hata karatasi nene ya plastiki chini ya shuka hupunguza msuguano sana. Mwombe mgonjwa afanye anachoweza: kukunja goti, kusukuma kwa kisigino, kushika reli. Wengi wanaweza zaidi ya tunavyodhani, tukiwaeleza kabla ya kuwashika. Ndugu walio pembeni ya kitanda hutaka kusaidia. Wapange, wape neno la kuanzia, vinginevyo kila mmoja atavuta kwake. Na mgonjwa akianza kuanguka mkiwa mnatembea, usimdake. Msogeze kwenye mwili wako na umteremshe taratibu hadi chini, huku ukikinga kichwa chake.

Nabeba maji kupanda Mabatini kila siku. Ushauri?

Madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, ni bora kuliko moja la 20 upande mmoja. Funga kitambaa kwenye mshikio usikate vidole.

Nina mimba. Niendelee?

Punguza uzito na kuinama kadiri tumbo linavyokua, kwa kuwa mzigo hauwezi tena kukaa karibu na mwili na viungo vya nyonga vinalegea. Mweleze mkunga kliniki unafanya kazi gani hasa, usiseme "biashara" tu. Ukiona damu au maumivu ya tumbo baada ya kubeba, nenda kituoni siku hiyohiyo.

Kiuno kimeshanishika leo. Nilale hadi kipone?

Usilale siku nyingi. Hapo zamani madaktari waliagiza kitanda kwa wiki; siku hizi ushauri ni kinyume. Pumzika siku ya kwanza au mbili kama huwezi kusimama, kisha anza kutembea kidogokidogo. Kitambaa cha moto kinatuliza. Lala kwa ubavu na mto kati ya magoti, au chali na mto chini ya magoti. Mara nyingi maumivu ya aina hii hupungua ndani ya wiki chache bila upasuaji wala sindano.

Kurudi kazini kusisubiri maumivu yaishe kabisa, ila usirudi kwenye gunia lilelile. Omba kazi ya kuhesabu, kupanga, kushona mifuko, kuendesha guta. Msimamizi anayesema "ama ubebe ama ukae nyumbani" anajipotezea mtu mzoefu.

Diklofenaki kila siku ni sawa?

Si sawa. Vidonge hivi vya maumivu huchubua tumbo hadi vidonda, hupandisha presha na huumiza figo, hasa kwa mtu anayefanya kazi juani bila kunywa maji ya kutosha. Tumia siku chache, baada ya kula, kwa ushauri wa mfamasia au daktari. Kama unahitaji kidonge ndipo uweze kuanza kazi kila asubuhi, kazi hiyo imeshakuzidi. Vinywaji vya kuongeza nguvu na pombe ya asubuhi navyo vinaficha uchovu tu, na uchovu ndio uliokuwa unakuambia usimame.

Lini nikimbilie hospitali?

Leo hii, bila kungoja kesho: ganzi sehemu za siri au kwenye makalio pale mtu anapokalia tandiko, mkojo kugoma au kutoka bila kujua, haja kubwa kutozuilika, mguu mmoja au yote miwili kupoteza nguvu. Hiyo inaweza kuwa mishipa ya fahamu imebanwa chini ya uti wa mgongo, na saa zina maana. Nenda moja kwa moja hospitali kubwa kama Bugando. Vivyo hivyo ukiwa umeanguka kutoka juu au umeangukiwa na mzigo. Katika hali hiyo usimkunje mgonjwa kwenye bodaboda. Alazwe juu ya ubao, anyooshwe, abebwe na watu wengi.

Ndani ya siku chache: maumivu yanayokuamsha usiku na hayabadiliki ukigeuka, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo, na huku kwetu mtu anaweza kuulaumu mzigo kwa miezi mingi huku ugonjwa ukila mfupa. Kichocho nacho, ingawa ni nadra, kinaweza kufika kwenye uti wa mgongo na kulegeza miguu. Mweleze daktari kama unaingia ziwani. Maumivu ya ubavuni yenye homa na mkojo wa kuchoma mara nyingi ni figo.

Nipige picha ya eksirei au MRI?

Bila dalili tulizotaja, mara nyingi haina haja mwanzoni. Watu wengi wasio na maumivu yoyote wakipigwa MRI hukutwa na diski zilizochakaa, na ukishaambiwa "pingili zimesagika" unaogopa hata kutembea. Hela hiyo itafanya kazi zaidi kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Nimeumia kazini. Nani analipa?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama, na msimamizi wake ni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Fidia iko chini ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Michango yake inalipwa na mwajiri, wewe hukatwi. Mafao ni pamoja na matibabu, malipo wakati huwezi kufanya kazi, na ulemavu wa kudumu.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Mgongo hauna jeraha la kuonyesha. Toa taarifa siku hiyohiyo, kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu: saa, mahali, mzigo gani, nani alikuwepo. Ukifika hospitali sema wazi kwamba umeumia ukiwa kazini ili iandikwe kwenye faili. Ukisubiri wiki mbili ukijikaza kiume, utaulizwa kama hukuumia ukicheza mpira.

Kibarua asiye na mkataba yuko pabaya zaidi, na anayejiajiri hana mwajiri wa kumchangia. Makundi ya wachukuzi yanayoweka mfuko wao wa kuchangiana kila wiki yanafanya jambo la maana. Wekeni kanuni kwamba anayetoa taarifa mapema haoni aibu wala hapotezi zamu.

Mazoezi gani yanafaa?

Kutembea, kwanza. Kisha mazoezi ya kuimarisha tumbo, makalio na mapaja, mara mbili tatu kwa wiki. Yanayofanywa yanashinda yaliyo bora yasiyofanywa, kwa hiyo chagua unayoyapenda.

Mafundi wa kunyoosha mgongo kwa kuukanyaga, je?

Tunajua wapo, na tunajua wengine hupata nafuu ya muda. Kukandwa kwa mikono kwa upole hakuna shida. Kukanyagwa, kuvutwa ghafla au kuvunjwa shingo ni hatari kwa mzee, kwa mwenye kifua kikuu cha mfupa ambaye bado hajajulikana, na kwa diski iliyokwisha kutoka. Kama mguu una ganzi, usimruhusu mtu apande mgongoni mwako.